Mzee Mwenye Mvi Puani

Bi Bertilla alikuwa na sifa mbili katika kitongoji kizima, na zote mbili alizijua. Ya kwanza, hakuna aliyewahi kumshinda kwa salamu. Ya pili, hakuna aliyefika kwake akaondoka bila kutegwa kitendawili. Ukienda kuomba moto, unategwa. Ukienda kumpa pole ya magoti, unategwa. Katekista Yonas aliwahi kwenda kumkumbusha kwamba wiki hiyo zamu ya kufagia kanisa ni yake. Akategwa mlangoni, akashindwa, akatoa mji, na kanisa akalifagia mwenyewe.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, kule nyuma ya kijiji cha Kate, mahali uwanda unapokatika na msitu kuanza kuteremka kuelekea ziwani. Mwezi wa sita baridi ya pale haina utani na mtu. Ukungu hupanda alfajiri kutoka bondeni, ukaingia uani, ukakaa mpaka saa nne kama mkwe asiyejua kuaga.

Mwaka huo mjukuu wake Silvana, binti wa marehemu mwanawe Vicent, alipata mchumba. Bi Bertilla alimlea Silvana tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, mpaka akawa fundi cherehani mjini Sumbawanga, na huko ndiko alikokutana na Calvin, fundi simu, mtoto wa Mzee Kornel wa Mpui. Calvin mwenyewe hakuwa na tatizo. Kijana wa mambo na poa, anacheka hata na kuku. Kizingiti kilikuwa baba yake.

"Bibi," Silvana alisema alipokuja nyumbani kwa wiki mbili kujiandaa, "nikwambie ukweli. Mzee Kornel alishavunja posa ya kaka yake Calvin. Unajua kwa nini? Mshenga wake alisalimiwa na watu waliosimama."

Bi Bertilla akashika kifua. "Waliosimama? Wima?"

"Wima kabisa. Na kimpumu walichompa kilikuwa chepesi kama maji ya kunawia."

"Basi alifanya vizuri kuivunja."

"Bibi!"

"Ukweli ni ukweli. Wangemzaliaje watoto wenye adabu?"

"Kwa hiyo ni mambo mawili tu," Silvana alisema, na hapo hakuwa na utani, maana huyo Calvin alikuwa anampenda hasa. "Salamu na kimpumu. Tukikosea, wanageuza wanarudi Mpui, na mimi sitamwona tena. Halafu mshenga wao, Mzee Leonsi, ana tabia mbaya. Ni kazee kafupi, kana sharubu nyeupe, hupenda kufika bila taarifa alfajiri ili akukute ulivyo."

Bi Bertilla akacheka mpaka jino lake la pembeni likaonekana. "Mke mwenzangu, salamu na kimpumu mbona ndiyo mimi mwenyewe. Lala usingizi."

Basi akaanza kazi. Kimpumu ni ile pombe ya ulezi, nzito, inayotiwa maji ya moto chunguni na kunyonywa kwa mirija watu wakipokezana, na uzuri wake wote uko kwenye kimea. Alichagua madebe mawili ya ulezi, akauloweka, akaufunika kwa majani ukachipua, na Jumatatu alfajiri akautandaza kwenye jamvi juu ya mwamba ulioko uani. Ulitosha vyungu vitatu. Wageni wangefika Jumamosi ya wiki ya pili.

Sasa kuna jambo moja la miwani. Miwani ya Bi Bertilla ilikuwa na kioo kimoja. Cha pili kilikanyagwa na mbuzi wa jirani yake Jovina siku ya Pentekoste, na Jovina alisema mbuzi hana kosa, kosa ni la miwani kulala chini.

Kwa hiyo asubuhi ile, alipotoka na fimbo yake kugeuza kimea, alichokiona ndani ya ukungu ni mzee. Mzee mfupi, amechuchumaa pembeni ya jamvi kwa adabu zote, koti lake la kahawia, na weupe mtupu chini ya macho, pale sharubu zinapokaa.

Kazee kafupi. Alfajiri. Bila taarifa.

Bi Bertilla akaachia fimbo palepale. Akachuchumaa, magoti yakalia kama kuni kavu, akakutanisha viganja na kupiga yale makofi ya taratibu, ya heshima, pa, pa, pa. Akaanza salamu kwa Kifipa, na hakuruka kitu. Aliuliza amelalaje. Aliuliza nyumbani wameamkaje, mama mwenye nyumba, watoto, wajukuu mmoja mmoja. Aliuliza mahindi yameingia ghalani, ng'ombe wanakamuliwa, baridi ya Mpui ikoje, na paroko mguu wake umepona. Mzee hakujibu. Mashavu yalikuwa yametuna, na Bi Bertilla akaelewa kwamba anaonja kimea, na mwenye adabu hasemi na chakula mdomoni. Ila mwisho wa salamu zote, mzee alikutanisha viganja vyake akavipiga. Mara mbili tu, lakini alipiga.

Mtu mzima wa maneno machache, Bi Bertilla akasema moyoni. Watu wa namna hii siku hizi hawazaliwi.

"Karibu sana, mzee wangu," akamwambia. "Hapa ni kwako. Hicho unachoonja ni cha shughuli yetu sisi wenyewe, onja usiogope. Na wenzako ulioongozana nao, kama wako hapo nyuma, waje wote, wale."

Akaingia ndani kuchukua kigoda na maji ya moto. Alipotoka, mzee hayupo. Pembe nzima ya jamvi ilikuwa tupu.

"Ameonja robo debe!" alimwambia Silvana aliyekuwa anarudi na ndoo ya maji. "Robo debe, kikavu vilevile! Mtu haonji hivyo kitu kibaya. Andika kwenye simu yako, mwambie Calvin tumefaulu."

Silvana akaandika. Jibu likaja kabla ndoo haijatuliwa vizuri. Akalisoma mara mbili.

"Bibi, Calvin yuko kwao tangu jana. Anasema Mzee Leonsi yuko pale nyumbani, anakunywa chai."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ameshika kikombe."

Bi Bertilla akafikiri. "Basi ana pacha."

Jumanne asubuhi Silvana alimwahi pacha huyo. Alijificha nyuma ya ghala, akampiga picha, akaja kwa bibi yake akinyata, akaikuza picha na kuisogeza kwenye jicho lenye kioo. Bi Bertilla akaitazama kwa muda mrefu. Pua nyeupe pe, kama imechovywa kwenye unga. Manyoya meupe mashavuni. Macho ya mviringo yenye mshangao. Na nyuma, mkia mrefu wa rangi ya kutu, umening'inia kutoka kwenye mwamba kama mshipi uliosahauliwa.

"Ana mkia," alisema polepole.

"Ana mkia, bibi. Ni kima. Wale wadogo wa msitu mnene, ambao huwa hawatoki. Nadhani matunda yamewaishia huko chini."

"Mimi nilimuuliza habari za watoto."

"Anao. Tazama kule."

Kwenye jamvi walikuwa sita. Mmoja alikuwa amempakata mdogo kama ngumi, na mdogo naye alikuwa na kipua cheupe na mashavu yaliyojaa kimea.

"Si ulisema waje wote?" Silvana akasema, na hakujua acheke au alie.

Habari kama hiyo haikai kwenye nyumba moja. Saa tatu Jovina alikuwa amekwisha fika kwenye uzio wa mabingobingo, amejishika kiuno.

"Mama Vicent! Nasikia umepata wakwe kutoka msituni!"

"Si wakwe. Nilidhani ni mshenga."

"Mimi mwenzio nimeolewa na mlevi, lakini angalau hakuwa na mkia."

"Jovina, kitendawili."

"Sitegwi leo! Leo nakutega mimi. Mwanamke mzima kapiga magoti anamwamkia kima, nani huyo?"

"Nimeshindwa," Bi Bertilla akasema kwa hasira. "Chukua mji, chukua na mbuzi wako, nenda."

Lakini hapa ndipo jambo lilipokuwa gumu. Silvana aliokota kijiti awafukuze, na bibi yake akamshika mkono.

"Nimemkaribisha, mke mwenzangu. Nimemwambia hapa ni kwake. Nimemwambia kwa Kifipa, magoti chini."

"Bibi, ni mnyama!"

"Alipiga makofi."

"Alikuwa anapangusa makapi mikononi!"

"Labda. Lakini mimi sikuwa napangusa makapi. Mimi nilikuwa nasalimu. Nitamwambiaje mtu karibu leo, kesho nimwambie toka?"

Basi wakala Jumanne, wakala Jumatano. Walikuwa na ustaarabu wao: wanajaza mashavu, wanakwenda kutafunia juu ya mkaratusi, wanarudi. Jumatano jioni Silvana alikusanya kilichobaki, akakipima. Nusu debe. Chungu kimoja, na hicho chenyewe kisifike shingoni. Alikaa kwenye kizingiti, akavuta kanga juu ya uso, na mabega yakaanza kutikisika.

Bi Bertilla aliyaona yale mabega hata bila miwani. Akaenda mpaka mwisho wa uwanja, pale miti inapoanzia, akachuchumaa, akapiga makofi matatu kuelekea msituni.

"Ninyi wa humo ndani!" akaita. "Siku tatu mmekula. Hamkushukuru, hamkuaga, na leo mmoja wenu amejisaidia kwenye kinu changu. Ile karibu yangu ya Jumatatu nimeirudisha. Nimeichukua yote. Kuanzia kesho mimi na ninyi ni fagio."

Usiku ule alilala vizuri. Alikuwa amefuata utaratibu.

Alhamisi alitoa ulezi wa mbegu, ule wa kupanda mwaka ujao, akauloweka. Kufika Jumatatu ulikuwa umechipua, na kabla jua halijapanda akautandaza kwenye jamvi. Kulikuwa na muda, mdogo lakini upo. Akakaa nyuma ya mlango, fagio la uani magotini, jicho lenye kioo kwenye ufa.

Ukungu ulikuwa mzito kama uji. Na ndani ya uji ule, taratibu, kikatokea kitu kifupi. Kikasogea mpaka pembeni ya jamvi. Kikachuchumaa. Kikachukua punje chache, kikazitia mdomoni. Weupe chini ya macho.

Bi Bertilla alitoka kama risasi, magoti na yote.

"Toka! Mwizi mkubwa we! Rudi msituni kwa mama yako!" Na kila neno lilikuwa na fagio lake, mgongoni, begani, mgongoni tena. "Ulidhani nitakupigia makofi na leo? Chukua makofi!"

"Jamani! Mama yangu! Jamani!"

Fagio likasimama hewani. Kima hawasemi jamani.

Akainama, akasogeza jicho zuri. Koti la kahawia lilikuwa na vifungo. Sharubu zilikuwa sharubu. Na juu ya yote kulikuwa na kofia ya pama, imelalia upande mmoja, ina mabua mawili ya fagio yamechomekwa kama manyoya ya jogoo.

"Mimi," alisema yule mzee, akihema, "ni mshenga."

Bi Bertilla alichuchumaa haraka kuliko alivyowahi kuchuchumaa tangu ubatizo wa mwanawe. Alipiga makofi. Alifungua kinywa aanze na habari za nyumbani. Lakini Mzee Leonsi alikuwa amesimama, anajipangusa.

"Miaka thelathini nafanya ushenga," alisema. "Mbwa wamenikimbiza. Nyuki wamenikimbiza. Huko Ilemba nilipigwa na ng'ombe. Lakini fagio, mama, na tusi la mzazi juu, hii ni mara yangu ya kwanza."

"Mzee wangu, nilidhani wewe ni ki..." Akajizuia. Kumwambia mtu umemfananisha na kima, baada ya kumpiga, kungesaidia nini? "Nilidhani ni mwizi."

"Mwizi! Asante. Jumamosi tutakuja, kwa sababu siku imekwisha pangwa na Mzee Kornel habadilishi siku. Lakini hili fagio litazungumzwa. Na sitalizungumza na wewe. Nyumba hii ina mwanamume?"

"Shemeji yangu Cleophas. Anatoka Ilemba Jumamosi hiyohiyo."

"Basi ni yeye."

Akaondoka, akaingia kwenye ukungu na yale mabua yake kofiani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mtu alikuwa ametoka kwenye uwanja wa Bi Bertilla bila kusalimiwa.

Silvana hakugomba. Laiti angegomba. Aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Simu yake ikalia, akaisoma, akaigeuza kifudifudi, na Bi Bertilla hakuhitaji miwani kujua kilichoandikwa.

*

Jumamosi ikafika, na jua lake. Walikuja na gari ya kukodi: Mzee Kornel, mrefu, mkimya, na fimbo yenye rungu la fedha, dada yake Scola, wazee wengine wawili, na Mzee Leonsi na kofia yake ya pama, imepigwa brashi. Bi Bertilla aliwasalimia salamu ambayo watu wa kitongoji wanaitaja mpaka leo. Alichuchumaa kwa kila mmoja, alipiga makofi kwa kila mmoja, aliwauliza mpaka habari za miti ya matunda. Mzee Kornel aliitikia yote, neno kwa neno, na uso wake haukusema kitu. Mzee Leonsi alikuwa anatazama ukuta.

Kisha wakakaa. Na kukaa kukawa kurefu, kwa sababu shemeji Cleophas hakuwa amefika, na bila yeye hakuna wa kuzungumza nao. Simu yake haipatikani. Mzee Kornel akatazama saa. Scola akatazama vyungu, akavihesabu. Vilikuwa viwili, kimoja kikiwa na kimpumu ambacho hakijaiva sawasawa.

Bi Bertilla akakimbilia jikoni kutazama maji ya moto. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa mpaka nje. Alikuwa ameinama juu ya sufuria, anafuta machozi, ya moshi na mengine, aliposikia makofi nyuma ya ukuta wa jiko. Pa, pa, pa. Ya taratibu, ya heshima.

"Mzee mwenzangu Cleophas," ilisema sauti ya Mzee Leonsi. "Nashukuru Mungu nimekukuta huku nyuma peke yako. Macho yangu siku hizi si mazuri, na huu moshi, lakini mtu mzima hujulikana kwa kukaa kwake."

Bi Bertilla akashusha pumzi. Cleophas amefika! Amepita nyuma, kama kawaida yake. Akasogeza sikio kwenye ufa wa ukuta.

Mzee Leonsi alisalimu vizuri sana. Hata Bi Bertilla alikiri. Akauliza habari za Ilemba, joto la bondeni, mpunga, wajukuu.

"Nakuvulia kofia, naiweka hapa. Sasa, mzee mwenzangu, shemeji yako alinipiga fagio. Mara sita. Naona unatafuna, tafuna tu, sitaki jibu la haraka. Mimi nataka majogoo mawili, na yeye mwenyewe aje Mpui aniombe radhi mbele ya watu. Ukiona nimezidisha, sema."

Kimya.

"Sema tu, usiogope."

Kimya. Kitu kilitafunwa.

"Umekubali! Asante sana. Nilijua. Wewe ni mtu mzima wa maneno machache, watu wa namna hii siku hizi hawazaliwi."

Kata ya maji ilimponyoka Bi Bertilla ikaanguka majivuni.

Maneno hayo aliyajua. Alikuwa ameyasema yeye mwenyewe, ndani ya moyo wake, neno kwa neno.

Alipofika uani anahema, Mzee Leonsi alikuwa amekwisha simama katikati ya watu, kichwa wazi, uso unang'aa. "Mzee Kornel, jambo la fagio limekwisha. Nimezungumza na Mzee Cleophas hapo nyuma. Mtu wa hekima sana. Amekubali majogoo mawili na radhi."

"Vizuri," Mzee Kornel akasema. "Mbona haji kukaa na sisi? Na kofia yako iko wapi?"

"Nimemwachia. Anaipenda, amekuwa akiishikashika."

Hapo pikipiki ikanguruma getini. Akateremka mtu mnene kama gunia la mahindi, mwekundu kwa vumbi, kipara kinang'aa, mkoba kwapani.

"Jamani mnisamehe!" akapiga kelele. "Tairi! Tairi mbili kwa safari moja! Mimi ndiye Cleophas, shikamooni wazee wangu, hamjambo ninyi wengine, kuna maji ya kunywa?"

Kuku alipita katikati ya watu akasikika nyayo.

Mzee Kornel akageuka taratibu. "Leonsi. Umezungumza na nani?"

Mkono wa Mzee Leonsi ukapanda kichwani kutafuta kofia, haukuikuta, ukabaki hukohuko juu. Bi Bertilla aliuona ule mkono. Angeweza kummaliza pale pale, kwa neno moja lenye herufi nne, na Jovina aliyekuwa amening'inia kwenye uzio angelipeleka mpaka Namanyere kabla ya jioni. Lakini alikumbuka picha kwenye simu, na mkia ule wa rangi ya kutu, na jinsi ardhi ilivyokuwa imekataa kupasuka immeze.

"Kabla mzee hajajibu," alisema, "naomba ruhusa mimi mwenye nyumba. Kitendawili."

Silvana akafumba macho. Lakini Mzee Kornel alikuwa mtu wa adabu, na kitendawili kinaitikiwa. "Tega."

"Nina mzee ana mvi puani, kichwani hana. Nimemsalimu, hakuitika. Nimemkaribisha, hakuaga. Akiba yake anaiweka shavuni, na mshipi wake anaufunga nyuma."

Wazee wakatazamana. Mzee Leonsi peke yake ndiye aliyekuwa anamtazama Bi Bertilla, na macho yake yalikuwa yanazidi kuwa makubwa.

"Huyo mzee," Bi Bertilla akaendelea, na sasa alikuwa anasema naye tu, "mimi nimemsalimu kabla yako. Jumatatu ya wiki ile nyingine, magoti chini, kwenye ukungu, nikijua ni wewe. Nilimuuliza habari za watoto. Nilimuuliza mguu wa paroko. Nikamwambia alete na ndugu zake wale kimea cha mjukuu wangu, wakaja, wakala, ndiyo maana vyungu ni viwili na si vitatu. Uliporudi wewe mwenyewe, nikadhani ni yeye. Hilo ndilo fagio. Kosa langu halikuwa dharau, mzee wangu. Nilikuwa nimemaliza heshima yako yote kwa mtu mwingine."

Kisha Mzee Leonsi akauliza, kwa sauti ndogo:

"Alikupigia makofi?"

"Mara mbili."

Mzee Leonsi akajinyoosha. "Mimi mara tatu."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Kornel. Hakuna aliyetegemea. Kicheko kilianzia chini kabisa, tumboni, kama ng'oma ndani ya nyumba, kikapanda, fimbo ya rungu la fedha ikaanguka, akaishika miguu ya kiti ili asidondoke. Scola akafuata kwa vigelegele. Na Silvana, mkono mmoja mdomoni, akaonyesha juu. Kwenye tawi la mkaratusi alikuwa amekaa mzee mfupi wa pua nyeupe, mashavu yametuna, kofia ya pama imemfunika mpaka kwenye nyusi. Akawatazama wote kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa kwenye kikao ambacho hakuambiwa ajenda.

"Nimeshindwa kitendawili," Mzee Leonsi akasema. Machozi yalikuwa yanateremka kwenye sharubu zake.

"Basi nipe mji."

Mzee Leonsi akamgeukia Mzee Kornel. Mzee Kornel hakuweza kusema. Alitikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, na kupunga mkono.

"Nakupa Mpui," Mzee Leonsi akasema.

Bi Bertilla akapiga magoti, akapiga makofi. "Nimekwenda Mpui. Nimewakuta wema, wanajua kusalimu, nimemwachia Calvin mjukuu wangu. Mimi nimerudi zangu kwenye ukungu."

Silvana akatoka mbio akaenda kulilia nyuma ya ghala, na safari hii Bi Bertilla hakuyajali yale mabega.

"Sasa, na hayo majogoo?" Cleophas aliuliza, hajaelewa kitu mpaka hapo. "Jovina ameninong'oneza habari ya majogoo."

"Muulize aliyekubali," Mzee Leonsi akajibu, akionyesha mti.

Vyungu vile viwili vya kimpumu vilitiwa maji ya moto, mirija ikagawiwa, na vilipoanza kulia chini kwa kuishiwa, mapema kuliko inavyopaswa, Jovina alionekana anapita getini na chungu kizima kichwani, anatazama pembeni. "Kilikuwa kimezidi tu nyumbani," alisema. "Na mbuzi anaomba msamaha wa miwani."

Jua lilipoanza kulegea wageni waliaga, kila mmoja kwa makofi yake, na kuaga kulichukua saa nzima, kama inavyotakiwa. Mzee Leonsi alikuwa wa mwisho kuingia kwenye gari. Alirudi mpaka mwisho wa uwanja, kichwa wazi, akachuchumaa, akapiga makofi matatu kuelekea mitini. Safari hii kwa makusudi.

"Kofia ni yako," alisema. "Lakini harusini uje."

"Usimwambie hivyo!" Bi Bertilla akapiga kelele kutoka mlangoni, akitafuta fagio. "Atakuja nao wote!"